Kuzunguka Ziwa Chala kwa Kasia

Wengi wa wanaoshuka kwenye matatu pale Bomeni, mjini Taveta, hawakufuata mandhari. Wamefuata ndizi, nyanya na mitumba, hasa Jumatano na Jumamosi ambazo ni siku za soko, na jua likianza kupinda huwa wamekwisha panda gari kurudi Mwatate, Voi au Mombasa. Ukiwauliza kama wamewahi kuliona Ziwa Chala, watakwambia wamelisikia. Nami nathubutu kusema, msomaji mpendwa, kwamba ni mahali pachache humu nchini panapopitwa na watu wengi namna hiyo bila hata kutupiwa jicho, ilhali ziwa lenyewe liko karibu tu, mwendo wa nusu saa hivi kwa bodaboda ukishika barabara ya kwenda kaskazini.

Safari yetu ilitokana na ubishi wa nyumbani. Kifungua mimba wangu, aliyemaliza kidato cha nne, alikuwa ameziona kule Diani zile pikipiki za majini, ambazo mtu huzikalia akashika usukani kama wa pikipiki ya barabarani, kisha akaruka juu ya mawimbi huku mwongozaji akimtangulia na yake. Tangu kampuni ya Kawasaki ianze kuuza vyombo hivyo mapema katika miaka ya 1970 vimeenea duniani kote. Visiwa vya Canary vya Hispania, ambavyo vilizaliwa na volkano, huwatembeza wageni kwa namna hiyo chini ya majabali meusi ya pwani zake. Kijana akataka na sisi tutafute ya kwetu. Nikamwambia kwamba pwani ya volkano tunayo, tena si mbali na Voi, ila bahari yake imefungiwa ndani ya shimo.

Na kweli ni shimo. Chala ni tundu la volkano iliyozimika, kwenye ubavu wa mashariki wa Kilimanjaro, na maji yamelijaza. Upana wa ziwa ni kilomita mraba 4 na kitu, jambo ambalo halitishi, lakini kina chake hupita mita 90. Kuta zinalizunguka pande zote, na mahali pengi zina urefu wa kama mita 100. Kwa sababu hiyo mtu hulioni ziwa kwa mbali. Unatembea kwenye nyika kavu yenye mawe na miti ya miiba, unaanza kufikiri kwamba umepotezwa njia, halafu ghafla ardhi inakatika mbele yako na maji yako kule chini, ya kijani kibichi karibu na kuta na ya samawati katikati. Siku isiyo na mawingu Kilimanjaro husimama nyuma yake na theluji yake ile iliyobaki.

Hakuna mto unaoingia Chala wala mto unaotoka. Mvua iliyonyesha kwenye miteremko ya mlima hupenya ardhini, ikasafiri chini kwa chini, ikatokea humu. Jua hunywa sehemu yake na sehemu nyingine hujipenyeza tena kwenye miamba. Wengi huko Taveta huamini kwamba chemchemi zao zote ni maji ya Chala yaliyotoroka. Utafiti uliochapishwa mwaka 1970, uliopima chembe za asili zilizomo majini, ulionyesha kwamba ni sehemu ndogo sana tu ya maji ya chemchemi hizo inayotoka ziwani. Mama yao wote ni mlima. Mpaka wa Kenya na Tanzania nao unapita juu ya maji hayo hayo, wala hakuna boya wala kamba ya kuuonyesha.

Tulifika ukingoni alfajiri, mwezi wa Agosti, kwa sababu mwongozaji wetu alikuwa ametuonya. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye bodaboda, ambaye wageni wakipatikana huigeuza kazi yake. "Mama, saa nne upepo ukiamka hapa siendi na mtu," alisema. Kuanzia Juni hadi Septemba upepo wa kusini hulipiga ziwa hili kwa nguvu, na shimo la duara lina tabia yake: wimbi halipati ufuo wa kufia. Hugonga ukuta, likarudi, likakutana na lenzake katikati.

Njia ya kushukia ni nyembamba na imejaa changarawe. Nilishuka kwa kukaa zaidi kuliko kwa kusimama, nikimshukuru Mungu kwamba nilivaa raba, huku nyani wakitutazama kutoka juu ya mawe. Chini tulimkuta babu yake kijana, mvuvi wa miaka mingi, akitengeneza nyavu kando ya mtumbwi wake.

Jaketi za kuelea zilikuwa mbili. Sisi wa kupanda tulikuwa watatu. Kijana akasema yeye amezoea. Nilimjibu kwamba kina cha mita 90 hakimjui aliyezoea na asiyezoea, na kwamba mimi sikutoka nyumbani kwenda kumwona mtoto wa mtu akizama. Mzee akacheka sana. Akaleta madumu mawili matupu ya lita ishirini, yaliyokazwa vifuniko na kuunganishwa kwa kamba, akayaweka miguuni pa mjukuu wake. "Hii ndiyo jaketi yangu tangu hujaolewa, binti yangu," akaniambia. Tukaondoka.

Basi hapo ndipo nilipofahamu kwa nini chombo cha kasi hakifai kuonea mahali kama hapa. Tulikwenda kwa kuambaa ukuta, kasia likiingia majini bila kelele, na kila baada ya hatua chache kulikuwa na jambo la kutazama. Miamba imepangana kwa tabaka, nyingine nyeusi kama makaa, nyingine rangi ya kutu, nyingine ya majivu yaliyogandamana hata ukiyakwaruza kwa ukucha yanamomonyoka. Mizizi ya miti inaning'inia kutoka kwenye nyufa mpaka inagusa maji. Kenge mmoja alikuwa ameota jua juu ya jiwe, akatuacha tufike karibu sana kabla ya kujitupa majini. Ukikohoa, ukuta wa mbali unakujibu. Mwanangu, ambaye kuanzia Voi hakuacha kusema habari za injini, alinyamaza.

Tulipofika mahali fulani kijana akageuza mtumbwi. "Tukizidi hapa tutahitaji paspoti," akasema, nasi tukacheka, ingawa hakuwa anatania kabisa. Ng'ambo ile, upande wa Tanzania, wageni hushuka kwa njia iliyotengenezwa na kupewa mitumbwi midogo ya plastiki ya kupigia kasia. Upande wetu kuna njia ya changarawe na madumu ya babu.

Wa kwanza kuandika kitabuni habari za kulizunguka ziwa hili kwa chombo alikuwa mwanamke, na jambo hilo lilinifurahisha. May French-Sheldon, Mmarekani, alisafiri mwaka 1891 kutoka pwani hadi nchi ya Kilimanjaro akiwa na wapagazi zaidi ya mia moja, nao wakamwita Bibi Bwana. Alipofika Taveta alishuka Chala, akaelea juu yake kwa chombo kilichotengenezwa kwa shaba. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu cha safari yake, na akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza kukubaliwa katika chama cha wanajiografia cha Uingereza. Chama hicho baadaye kilifunga mlango na kuwakataa wanawake wengine kwa karibu miaka ishirini, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine. Miaka ishirini kabla yake, mwaka 1871, mmisionari Charles New alikuwa amelifikia ziwa, naye aliandika hadithi aliyoisikia: kwamba palikuwa na kijiji cha Wamasai mahali hapo, kikamezwa na mlipuko, na kwamba bado husikika ng'ombe wakilia chini ya maji. Nilimwuliza babu kama amewahi kuwasikia. Alisema amewahi kusikia mambo mengi usiku, na kwamba ng'ombe si wabaya.

Aliyo wabaya ni mamba. Mwaka 2002 msichana kutoka Uingereza aliyekuwa akiogelea humu aliuawa na mamba. Siku hizi utakutana na watu watakaokuapia kwamba wamekwisha wote, na wengine watakaokuapia kwamba mmoja alionekana majuzi. Mimi sikutumbukiza hata mkono, na kijana wangu nilimkataza. Mzazi mwenzangu, ukienda na watoto, sheria iwe hiyo hiyo, hata maji yakiwavutia vipi, nayo huvutia kweli.

Tuliporudi kwa babu ndipo ubishi wa injini ulipozuka upya, safari hii bila mwanangu. Mwongozaji wetu anataka boti ya injini, na zikipatikana, hizo pikipiki za majini mbili tatu. Hesabu yake si ya kijinga. Wageni wenye pesa hupita Bomeni wakielekea mpakani, wakalala Moshi. Akiwashusha huku, mzunguko wa kasia huchukua asubuhi nzima na mtumbwi hubeba wawili tu. "Babu, nitaoa lini kwa wageni wawili kwa wiki?" aliuliza. Sikuona la kucheka katika swali hilo. Vijana wa Chala wana nyika kavu, wana mlima wanaoutazama tu, na wana ziwa ambalo faida yake huingia ng'ambo.

Majibu ya mzee yalikuwa mawili. La kwanza, wimbi la chombo cha kasi halifi, na mvuvi aliye kwenye mtumbwi mwembamba litamkuta likienda na kumkuta tena likirudi. La pili ndilo lililonishika. "Mafuta yakimwagika mtoni, mto huyapeleka," alisema. "Hapa yatakwenda wapi?" Humu mna samaki, aina ya perege, ambaye asili yake ni ziwa hili peke yake, na wataalamu wamemworodhesha miongoni mwa viumbe walio karibu kabisa kutoweka. Tayari anagombania chakula na perege wengine walioletwa na binadamu.

Kuna na hazina nyingine ambayo babu hakuitaja. Majira ya upepo mwani mdogo mno wenye ganda kama la kioo huchanua, hufa, na kuzama, ukaacha utando mweupe chini ya ziwa. Majira ya mvua huanguka utando mweusi. Mweupe na mweusi ni mwaka mmoja, na kwa kuwa maji ya chini kabisa hayana hewa, hakuna mdudu wa kuuvuruga. Mwaka 2016 wanasayansi wa nchi mbalimbali walikuja na jukwaa la kuelea, wakachimba zaidi ya mita 200 chini ya sakafu ya ziwa na kutoa tope linalorudi nyuma karibu miaka 250,000. Wenzao waliochapisha matokeo mwaka 2011 walikuwa wamekwisha kuhesabu kutokana na tabaka hizo kwamba enzi za barafu, dunia ilipokuwa baridi, mvua za Afrika Mashariki hazikupishana sana mwaka hadi mwaka, na kwamba dunia ilipopata joto, ukame na mafuriko vikaanza kubadilishana vikali. Mkulima wa ndizi wa Taveta hana haja ya kusomewa maana ya jambo hilo.

Mimi naegemea kwa babu, lakini si mpaka mwisho. Kumwambia kijana alinde ziwa huku tukimwacha na jaketi mbili ni kumwonea. Serikali ya kaunti ikijenga ngazi za mawe zenye mahali pa kushika, ikapatikana mitumbwi kumi imara na jaketi za kutosha hata za watoto, na vijana wakafundishwa kuokoa mtu aliyezama, mwongozaji wetu atabeba wageni ishirini kwa asubuhi moja bila tone la petroli. Anayetaka kuruka mawimbi Diani bado iko. Nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba ngazi hizo amezisikia tangu akiwa darasa la tatu.

Ukiamua kwenda, lala Taveta usiku uliotangulia, kwani kutoka Voi ni kilomita kama 110 za lami na hutawahi alfajiri. Vaa viatu vinavyoshika, beba maji yako ya kunywa na kofia, na patana bei ya kwenda na kurudi kabla hujapanda bodaboda. Uliza jaketi ziko ngapi kabla hujaanza kushuka, maana kupanda tena ule ukuta kwa hasira ni kazi. Ukichagua Jumamosi utarudi Bomeni soko likiwa bado moto. Sisi tulinunua mkungu mmoja wa ndizi, na mwanangu ndiye aliyeubeba mpaka stendi, mikono ikimwuma, maana njiani kurudi ukutani aliomba apewe kasia.