Gisenyi: Ziwa, Volkeno na Nyayo za Mbwa

Mji wa Gisenyi, katika Wilaya ya Rubavu, Jimbo la Magharibi la Rwanda, umelala kando ya Ziwa Kivu, kiasi cha meta 1,460 juu ya usawa wa bahari. Ng'ambo ya mpaka ni Goma, na nyuma ya Goma husimama Nyiragongo, mlima wa moto wenye meta 3,470. Mlima huo ulilipuka mwaka 1977, mwaka 2002 na tarehe 22 Mei, 2021. Mwaka 2002 umati mkubwa wa watu wa Goma ulikimbilia Gisenyi. Mwaka 2021 matetemeko yaliyofuata mlipuko yalipasua nyumba za Rubavu.

Ufukoni msafiri hukuta mchanga na mitende. Akipanda vilimani, hukuta udongo wa volkeno wenye rutuba, uzaao viazi na vitunguu. Lakini ardhi hiyo ina makali yake. Vipande vya mawe ya volkeno hukata kama vigae, na mbwa hana viatu.

Adui mwingine ni mdogo zaidi: funza, ambaye pwani huitwa tekenya, na kwa Kinyarwanda amavunja. Kiroboto huyu, mwenye urefu wa milimita moja hivi, ni mgeni barani. Alifika Angola kwa meli kutoka Brazili mwaka 1872, akafuatana na misafara hata akafika pwani ya mashariki kabla karne haijaisha. Jike huzama ngozini, kati ya vidole na kandokando ya kucha, akavimba hata kufikia ukubwa wa punje ya njegere, huku akidondosha mayai mavumbini.

Mbwa mwenye maradhi hayo hulamba nyayo bila kukoma, huchechemea, na mwishowe hukataa kutembea. Hasara haimpati yeye peke yake. Mayai huanguliwa katika vumbi la ua, na mtoto achezaye pekupeku ndiye afuataye. Kumtibu mbwa, basi, ni kuwakinga watoto.

Kwanza mbwa ashikwe na mtu anayemzoea, kwani maumivu humfanya hata mpole aume. Nyayo zioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kisha zikaushwe vizuri kati ya vidole. Kipande cha jiwe kinachoonekana kitolewe kwa kibano. Funza atolewe mzima, asipasuliwe, kwa sindano iliyochemshwa. Atupwe motoni, na kidonda kipakwe dawa ya kuua vijidudu. Petroli, mafuta ya taa na dawa za shambani zisitumiwe kabisa. Wala mbwa asipewe vidonge vya maumivu vya binadamu, maana vyaweza kumuua. Funza wakiwa wengi, au kukiwa na usaha, aitwe bwana mifugo. Mtu aliyeingiwa na funza aende zahanati kuuliza chanjo ya pepopunda.

Kinga ni rahisi kuliko tiba. Ua unyunyizwe maji na kufagiliwa, mbwa alale juu ya mbao kavu, na watoto wavae viatu. Askari mwenye mbwa wa doria akague nyayo nne kila arudipo zamu, kabla ya kumpa chakula. Mbwa asiyeweza kukanyaga hawezi kulinda.