Kompyuta ya Shule Yetu

Mimi ni mwalimu. Shule ninayofundisha imejengwa katika miteremko ya Mlima Meru, juu ya jiji la Arusha, mahali ambapo migomba na mibuni huota pamoja. Nitawasimulieni jinsi tulivyonunua kompyuta mara mbili, ingawa tulihitaji moja tu.

Kompyuta ya kwanza ilinunuliwa kwa fedha za wazazi. Wengine walitoa fedha za kahawa, wengine za ndizi na maziwa. Mama mmoja alileta noti zake zikiwa zimefungwa katika pindo la khanga. Mimi ndiye niliyetumwa mjini. Nilikwenda na fedha, lakini sikwenda na maswali. Katika duka moja nilivutiwa na kompyuta yenye kioo kipana na taa za rangi. Muuzaji aliniambia kwamba prosesa yake ina kasi sana. Sikuuliza jambo lingine, nililipa.

Haukupita muda tukaona taabu. Tulipofungua programu mbili kwa wakati mmoja, mashine ilikwama kama gari katika tope. Kisha jioni moja ya masika umeme ulikatika ghafla, ukarudi kwa nguvu. Tulisikia mlio mdogo, tukanusa harufu ya kitu kinachoungua. Juma lililofuata nilisimama mbele ya wazazi kutoa habari hiyo. Yule mama aliniangalia tu. Hakusema neno.

Kosa lilikuwa langu, wala si kosa geni nchini mwetu. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta kutoka nje, kwa kuwa mitambo hiyo ilikuwa imekula fedha nyingi bila kuleta faida iliyotarajiwa. Amri hiyo iliondolewa zamani, lakini mimi nililazimika kujifunza upya.

Nilikwenda kwa kijana mmoja fundi, karibu na Mnara wa Saa. Nilimfundisha alipokuwa darasa la tano.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nataka kompyuta nzuri."

"Nzuri kwa kazi gani, Mwalimu?"

Swali hilo lilinishinda. Tuliketi, tukaandika kazi zetu zote: kupiga chapa mitihani, kutunza alama, kuonyesha picha za masomo ya sayansi. Hapo ndipo alipoanza kunieleza.

Fikirini mkulima wa kahawa. Anayo mikono ya kufanyia kazi, anacho kichanja cha kuanikia, na analo ghala. Prosesa ni mikono. Kumbukumbu ya kazi ni kichanja, mahali ambapo vitu vinavyoshughulikiwa sasa hivi hutandazwa. Diski ni ghala. Mkulima mwenye mikono hodari na kichanja kidogo hushinda akipanga foleni ya magunia. Kompyuta yetu ya kwanza ilikuwa hivyo hasa: mikono myepesi, kichanja cha gigabaiti 2 tu. Tena, umeme ukikatika, vyote vilivyo katika kumbukumbu ya kazi hupotea. Vilivyo katika diski hubaki.

Ukubwa hupimwa kwa baiti. Herufi moja tuandikayo huchukua baiti 1. Ukurasa wenye herufi 2,000 huchukua baiti 2,000. Gigabaiti 1 ni baiti bilioni moja. Basi diski ya gigabaiti 256 yaweza kutunza kurasa kama huo zipatazo milioni 128. Hesabuni wenyewe mhakikishe. Picha na filamu, hata hivyo, hula nafasi nyingi kuliko maandishi.

Tulichagua kumbukumbu ya gigabaiti 8 na diski ya gigabaiti 256 isiyo na kitu kinachozunguka ndani yake. Diski za aina ya zamani zina sahani, nyingine huzunguka mara 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea hupita karibu mno na sahani pasipo kuigusa. Mtikisiko ukikigongesha, sahani hukwaruzika. Barabara yetu ya mlimani ina mashimo mengi. Mnaweza kukisia tulivyofikiri.

Palikuwa na kompyuta nyingine ya bei nafuu, iliyokwisha kutumika Ulaya. Fundi alinikataza. Prosesa yake ilikuwa ya zamani mno kwa Windows 11, na Windows 10 ilikwisha kuacha kupewa masahihisho ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025.

Kuhusu umeme alisema mengi zaidi. Umeme wa ukutani ni wa volti 230. Ndani ya kompyuta kuna kisanduku kiitwacho pawasaplai, ambacho huupunguza hadi volti 12, 5 na 3.3. Kisanduku hicho ndicho kilichoungua mara ya kwanza. Safari hii tulinunua pia yupiesi, yaani betri ya akiba inayokaa kati ya ukuta na kompyuta. Mashine mpya hutumia wati 60 hivi. Ikifanya kazi saa 5, hutumia wati-saa 300, ambazo hazifiki hata theluthi moja ya yuniti moja ya LUKU.

Mashine hii haina taa za rangi. Wazazi walipoiona, mmoja aliuliza kama tumepunjwa.

Mwezi Aprili umeme ulikatika tena, nikiwa katikati ya kuandika mtihani wa darasa la tano. Yupiesi ililia, kioo hakikuzimika. Nilipata dakika chache. Nikahifadhi kazi katika diski, nikazima mashine kwa utaratibu. Kompyuta ya kwanza ipo juu ya meza ya maabara, imefunguliwa kifuniko. Feni yake imejaa vumbi laini la udongo wetu wa volkano. Njooni mwitazame.