Usingizi wa Mashine

Usingizi ni hazina ya kila kiumbe chenye pumzi. Aliyelala hukusanya nguvu alizozitawanya mchana. Aliyenyimwa usingizi hufilisika hata akiwa na mali. Lakini kulala ni jambo moja, na kuamka ni jambo jingine. Mtu huweza kufumbua macho, akaketi kitandani, akaitikia salamu, na huku fahamu zake zingali njiani. Siku hizi mashine nazo zimefundishwa kulala kama sisi, na baadhi yake, kama sisi, huamka nusu.

Katika kata ya Nyasho, mjini Musoma, ambako hupitisha likizo zangu, nina jirani kijana aliyehitimu ualimu na ambaye wakati ule alikuwa bado anatafuta kazi. Ana kompyuta mpakato aliyoinunua ikiwa imekwisha kutumiwa na wengine. Alikuwa akijaza maombi ya kazi ambayo mwisho wake ulikuwa usiku wa siku ile. Umeme ulikuwa umekatika, basi kila alipopumzika aliufunika mfuniko ili kulinda chaji iliyobaki. Kila alipoufunua, alikuta barua yake mahali pale pale alipoiacha, herufi kwa herufi. Lakini mtandao usio na waya ulikuwa umetoweka, na alama yake haikuonekana tena. Fundi mmoja alikwisha kumwambia kwamba kadi ya mtandao imekufa, naye akataja bei ya kadi mpya iliyokaribia kodi ya chumba cha kijana yule kwa mwezi mzima.

Hakuja kwangu kutafuta ufundi. Alikuja ili nimsahihishie Kiswahili cha barua. "Shikamoo, Mwalimu," alisema, "barua ipo, ila njia ya kuipeleka haipo. Nimeizima mashine na kuiwasha mara nne, na bado." Kazi yangu ni maneno, si nyaya; lakini mtu aliyeandika miaka mingi katika mashine hulazimika kuyajua maradhi yake. Nikamwambia, "Keti, mwanangu, tuulize kabla ya kununua."

Swali la kwanza lilikuwa hili: je, mtandao wenyewe upo? Simu yake, katika chumba kile kile, iliupata bila taabu. Kwa hiyo kosa halikuwa hewani. Swali la pili: je, kompyuta inaiona mitandao ya majirani? Haikuona hata mmoja. Kama ingeiona ikashindwa kujiunga, tungeshuku nywila, au anwani ambayo kisambaza mtandao hukiazima kila chombo kwa muda maalumu, na ambayo huweza kuisha muda wake chombo kikiwa usingizini. Swali la tatu: je, kadi ilifanya kazi kabla ya mashine kulala? Ilifanya kazi vizuri asubuhi yote. Basi mauti gani haya, yanayomngoja mtu asinzie kwanza? Kilichokufa hakifanyi kazi asubuhi kikafa tena kila baada ya usingizi. Kadi ilikuwa hai. Iliyoharibika ni njia ya kuiamsha.

Yafaa tueleze usingizi huo ni nini. Mwaka 1996 makampuni ya Intel, Microsoft na Toshiba yalitoa kanuni za pamoja za matumizi ya umeme katika kompyuta, na ndani yake yakapanga daraja za usingizi. Katika daraja iliyozoeleka, kioo huzimika, kichakataji hupumzika, na kumbukumbu peke yake huendelea kupewa umeme kidogo ili isisahau kilichoandikwa, kama nyumba iliyozima taa zote ikabakiza kibatari kimoja. Kadi ya mtandao, ambayo kazi yake ni kutuma na kupokea mawimbi ya redio, hasa ya gigahezi 2.4 na 5, ni mlaji wa chaji. Kwa hiyo nayo hupunguziwa umeme au hunyimwa kabisa. Kati ya kadi na mfumo endeshi wa kompyuta pana programu iitwayo kiendeshi, ambayo ni mkalimani wao. Mashine inapoamka, mkalimani huyu anapaswa kuipa kadi maagizo upya, kwa maana usingizi umeyafuta. Akidhani kwamba kadi ingali inakumbuka, au akiiita kabla haijawa tayari, hapana jibu linalotoka. Na mfumo usiposikia jibu huifuta kadi katika daftari la waliopo.

Lakini kijana alikuwa ameizima mashine mara nne. Je, kuzima hakumalizi usingizi wote? Hapa ndipo nilipoacha kuwa jirani nikawa mwanafunzi wa lugha. Mwaka 2012 mfumo endeshi mmoja ulioenea mno duniani ulianza kutumia namna mpya ya kuzima. Mtumiaji akiamuru mashine izimike, kazi zake hufungwa kweli; lakini kiini cha mfumo hakimalizwi. Huandikwa katika diski kama kilivyo, pamoja na hali za viendeshi, kisha husomwa tena wakati wa kuwasha, ili mashine iwake upesi. Nia ni njema. Walakini kosa lililokuwamo wakati wa kuzima huweza kuhifadhiwa pamoja na mema yote, likarudi asubuhi likiwa zima. Amri ya kuanzisha upya, ambayo kijana aliidharau akidhani ni ndogo kuliko kuzima, ndiyo inayokimaliza kiini na kukiumba tena tangu mwanzo.

Tazama basi ajabu ya jambo hili. Kwa akili ya kila mzungumzaji, kuzima ni kukubwa kuliko kuanzisha upya. Neno lilibaki mahali pake, maana yake ikahama usiku bila kuaga. Sisi tusomao lugha twajua kwamba maana huhama. Neno ndege lilipopewa chombo cha angani halikumdanganya mtu, kwa sababu kila mwenye macho alikiona chombo na alimwona ndege. Lakini uhamaji huu ulitokea ndani ya kasha lililofungwa, na mwenye kasha hakuambiwa. Kijana yule hakukosa akili, wala hakukosa kusoma Kiingereza kilichoandikwa kiooni. Alilisadiki neno, na neno halikuwa tena na kile alichokisadiki.

Tuliichagua amri ya kuanzisha upya. Mashine ilipowaka, mitandao ya mtaa ikajipanga kiooni. Kisha tukatafuta shina la ugonjwa. Katika orodha ya vifaa vya mashine tuliitafuta kadi ya mtandao, na katika sehemu ihusuyo umeme tukaondoa ruhusa ya kompyuta kuizima kadi hiyo ili kuokoa chaji. Tukaondoa pia uwakaji wa haraka, na tukapakua kiendeshi kipya kutoka kwa mtengenezaji wa mashine. Katika baadhi ya mashine za siku hizi ruhusa ile haionekani, na hapo kiendeshi kipya ndicho tegemeo. Watumiao Linux huweza kukiondoa kiendeshi katika kumbukumbu na kukirudisha, bila kuanzisha mashine yote upya. Gharama ya tiba yetu ilikuwa chaji kidogo inayoliwa usingizini. Na maombi yalikwenda kabla ya saa sita ya usiku.

Wakati wa kazi ile nilimweleza kila daraja kwa maneno aliyozaliwa nayo: hapa mashine inasinzia, hapa imelala fofofo, hapa imezimika, hapa inaanza upya. Siku chache baadaye nilimsikia akimweleza mama mwenye duka la fotokopi maneno yale yale, na mashine ya mama yule ikapona. Hakukariri vibonyezo; alifahamu sababu, na sababu husafiri mbali kuliko kibonyezo.

Wataalamu wetu wametupatia majina mengi mazuri: tovuti, barua pepe, nywila, kompyuta mpakato. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na hiyo ilikuwa hatua ya heshima. Lakini nomino zimetangulia, vitenzi vimebaki nyuma. Tumevipa vitu majina, hatujayaeleza matendo yake. Na mashine huharibika katika matendo. Mwenye jina la kitu huweza kukinunua. Mwenye neno la tendo lake huweza kukitengeneza. Lugha isiyoweza kueleza ugonjwa humwacha mgonjwa mikononi mwa mwenye bei, na msomi wa Kiswahili anayeridhika na majina peke yake ameamka nusu.