Kutoka diploma hadi digrii: hesabu yangu ya karo

Nimekuwa kimya wiki kadhaa. Kazi hii ya kuandika programu ina tabia ya kummeza mtu. Leo nilipanga kuwaeleza habari za hifadhidata, lakini Jumapili nikiwa nyumbani Wamunyu kijana mmoja wa jirani alinishika mkono nje ya kanisa. Anapiga msasa vinyago, kama nilivyokuwa mimi. Akaniuliza: "Kaka, nimemaliza diploma ya kompyuta. Chuo kikuu kitanichukua? Na nikichukuliwa, nitalipa na nini?"

Nilimjibu kwa dakika kumi hivi, na usiku kitandani nikaona nimemjibu vibaya. Nilimwambia habari za mkopo tu. Nilisahau kumwambia kwamba lile swali lake la kwanza ndilo linaloamua la pili. Kila somo la diploma ambalo chuo kikuu kinalikubali ni somo ambalo hutalilipia tena. Kwa hiyo haya ninayoandika ni ya kijana yule, nanyi wengine mkipenda mketi msikilize.

Mimi nilifanya KCSE mwaka 2015 nikapata C tupu. Wanaojua mambo ya kwetu Kenya wanaelewa maana yake: mlango wa digrii ni C+, wa diploma ni C-. Aliyevuka ile C+ na kupangiwa nafasi na serikali katika chuo cha umma, enzi hizo alikuwa akilipa ada ya masomo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, serikali ikimalizia. Sisi wa njia ndefu, tunaopitia diploma, tuliingia kwa mlango wa wanaojilipia. Hapo unalipa bei kamili. Yaani anayetembea mbali zaidi ndiye anayelipa nauli kubwa zaidi. Nilishakasirika kuhusu jambo hili mpaka nikachoka, tuendelee.

Diploma yenyewe ilikuwa ya KNEC, ya teknolojia ya habari na mawasiliano, moduli tatu, katika chuo cha ufundi. Nilianza 2016 nikamaliza mwisho wa 2018. Karo ilitoka kwenye mbao. Wamunyu ni kwa wachongaji tangu Mutisya Munge alipojifunza kazi hiyo Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia akarudi nayo nyumbani. Baba anachonga kwa tezo, twiga na vifaru na vijiko vya saladi, na sisi wengine nyumbani tunapiga msasa na kung'arisha. Mnunuzi akija anahesabu vipande. Kwa hiyo sisi tulijua kuhesabu karo kwa twiga kabla ya kuihesabu kwa shilingi.

Sasa njooni kwenye dirisha la usajili, mwaka 2019.

Nilikuwa na diploma yenye alama nzuri, nikaomba nafasi ya sayansi ya kompyuta katika chuo kikuu kimoja ambacho sitakitaja. Barua ikaja: umekubaliwa, unaanza mwaka wa kwanza. Nikakaa chini na kalamu. Muhula mmoja ulikuwa shilingi 55,000. Miaka minne ni mihula 8, jumla 440,000. Na hiyo ni ada tu, bado hujala wala hujalala mahali. Kurudia mwaka ambao masomo yake mengi nilikuwa nimeyafanya kulimaanisha 110,000 za kusikiliza mtu akinieleza tena kibodi ni nini.

Nikapanda matatu nikaenda kuuliza. Mama mmoja pale ofisini (Mungu ambariki popote alipo) akanivuta pembeni. "Mwanangu, hapa hawasomi jina la somo. Wanasoma yaliyomo. Cheti chako kinaonyesha jina na alama basi. Umeleta mihtasari?"

Sikuwa nayo. Nani huweka mihtasari ya masomo? Ile karatasi mwalimu anayogawa siku ya kwanza, yenye mada za kila wiki na saa zake, mimi nilikuwa nikiitumia kufungia sabuni. Nikarudi kwenye chuo changu cha ufundi, na huko pia hakuna aliyekuwa ameziweka zote. Mwalimu mmoja alikuwa na faili la zamani, mwingine akanionyesha muhtasari wa KNEC wenyewe, kitabu kinene, nikakaa nje kwenye duka la fotokopi mpaka jioni nikinakili kurasa.

Halafu nikafanya kitu ambacho leo ningekiita kazi yangu ya kwanza ya kulinganisha data. Nikachora jedwali. Kushoto mada za diploma na saa zake, kulia mada za somo la chuo kikuu, ambako somo moja la kawaida huhesabiwa saa 45 za darasani. Palipofanana nikaweka alama, palipopungua nikaacha wazi. Sikudanganya mahali pa wazi, na nadhani hilo lilinisaidia, maana mkuu wa idara alianza kusomea pale pale.

Masomo ya mwaka wa kwanza yalikuwa 12. Niliomba yote 12, wakanipa 10. Nikaingia mwaka wa pili nikiwa na mawili ya kurudia, 6,000 kila moja. Piga hesabu: mihula 6 kwa 55,000 ni 330,000, ongeza 12,000, unapata 342,000. Jedwali lile la kurasa tatu liliniokolea 98,000. Mpaka leo hakuna ukurasa nilioandika ambao umenilipa vizuri namna hiyo.

Kuhusu yale mawili niliyonyimwa: la utangulizi wa programu walinionea. Wakati huo nilikuwa tayari nikiandika PHP kwa malipo, ya soda lakini malipo. La hisabati ya seti na mantiki walikuwa sahihi kabisa, ingawa nilinung'unika. Mwalimu alipoanza kuthibitisha mambo ubaoni nilikaa kama mtu aliyeshuka kwenye kituo kisicho chake.

Ningetamani mambo haya yawe rahisi zaidi. Huko Marekani, jimbo la California, kuna tovuti ya umma iitwayo ASSIST: mwanafunzi wa chuo cha jamii anaangalia somo lake na kuona litakubaliwa kama somo gani katika vyuo vikuu vya umma vya jimbo hilo, kabla hata hajalisoma. Kwetu sheria ya mfumo wa sifa za kitaifa, iliyounda KNQA, ni ya mwaka 2014, na kuhamisha alama za masomo ni sehemu ya mambo yake. Nasema hivi kama mtu wa programu: kiini chake ni jedwali lenye safu mbili. Mimi langu nililibeba mkononi.

Haya, kulipa. Wanaojilipia pia wanaweza kuomba mkopo wa HELB. Nilijaza fomu, nikatafuta wadhamini wawili, mjomba na mwalimu wangu wa shule ya msingi, chifu akagonga muhuri, wakili akagonga wake. Nikapewa 40,000 kwa mwaka. Riba ni asilimia 4, unaanza kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza, na ukikwepa kuna faini ya 5,000 kila mwezi. Somo sehemu ya faini kwa makini, ndugu yangu, kabla ya kushangilia. Basari ya eneo bunge ikaongeza kidogo mwaka wa kwanza. Lakini ada ya mwaka ilikuwa 110,000. Shimo lililobaki, kama 70,000, lilikuwa la twiga.

Twiga walilipa muhula wa kwanza. Machi 2020 Kenya ikapata mgonjwa wa kwanza wa Korona, vyuo vikafungwa, watalii wakakatika, na mnunuzi wetu wa Mombasa akazima simu. Chini ya kitanda changu kulikuwa na twiga waliofungwa kwa magazeti, hata nafasi ya viatu ikakosekana. Baba akawatazama akasema, "Hawa hawali, watangoja. Karo yako ndiyo isiyongoja."

Kweli haikungoja. Masomo yaliporudi nilikuwa na salio la 37,000, na mfumo wa chuo ulikuwa hautoi kadi ya mtihani kwa mwenye salio. Niliuona ule ujumbe mwekundu mara nyingi kuliko nilivyowaona walimu wangu muhula huo. Nilianza kuandika barua ya kuahirisha mwaka. Nilijua vijana wawili walioahirisha, na wote wawili hawakurudi.

Kilichotokea ni chama cha akina mama cha pale sokoni. Wanachama walikuwa wakichanga kwa M-Pesa, na katibu alikuwa akinakili ujumbe mmoja mmoja kutoka simu hadi daftari. Pesa zikipotea, ugomvi. Nikawaambia naweza kuwatengenezea programu. Safaricom ilikuwa imefungua mfumo wake wa Daraja mwaka 2017, unaoruhusu programu yako kupokea taarifa za malipo. Mwanachama akilipa, seva yao inatuma kwenye anwani uliyosajili kiasi, namba ya muamala na akaunti aliyoandika. Programu inaangalia kwanza namba ya muamala isije ikaandika malipo yale yale mara mbili, kisha inayaweka kwa jina la mwenyewe.

Shida haikuwa Safaricom, ilikuwa akaunti. Mama mmoja aliandika jina lake, mwingine jina la mtoto, mwingine "asante". Ikabidi niunde kapu la malipo yasiyo na mwenyewe, katibu anayagawa jioni kwa mkono. Kapu lile ndilo lililowafurahisha kuliko yote, maana kwa mara ya kwanza waliona pesa iliyopotea imekaa wapi. Wakanilipa 20,000.

Zikabaki 17,000. Baba alikuwa na gogo la mpingo alilolificha nyuma ya nyumba tangu nikiwa mdogo. Kila mchongaji ana gogo lake analosema atalichonga siku moja. Nilirudi jioni moja nikakuta nafasi yake kuna kuku. Mchongaji wa Changamwe alikuwa amelichukua kwa 18,000. Baba hakunieleza kitu, alinipa pesa akaniambia elfu moja ni ya nauli.

Nilifanya mtihani. Nilimaliza 2022.

Kijana wangu wa kanisani, mambo yamebadilika kidogo tangu wakati wangu. Mfumo mpya wa ufadhili wa vyuo vikuu ulianza 2023, ukashtakiwa, Mahakama Kuu ikaukataa Desemba 2024 na kesi ikaenda Rufaa. Umelenga wanaopangiwa nafasi na KUCCPS, kwa hiyo usipange bajeti juu yake kabla ya kuuliza HELB wewe mwenyewe. Mimi bado nalipa mkopo wangu, 4,000 kila mwezi, na baba bado hajapata gogo jingine la kumpendeza, ingawa nimeshampelekea mawili.

Jumamosi nitakuwa nyumbani. Njoo na cheti na kila karatasi uliyo nayo, hata zile ulizofungia sabuni. Tutachora jedwali kwanza. Habari za pesa tutazungumza baada ya chai.