"Kaza" Si Dawa ya Mguu

Kuna neno moja kwenye viwanja vya mtaa hapa Kisumu ambalo sasa listaafu: "kaza." Kifundo kimeteguka? Kaza. Kisigino kinawaka? Kaza. Ukisema mguu unauma unaitwa mlaini.

Omera, tuache hiyo stori.

Kuna winga tulikuwa tunacheza naye Nyalenda, mbio zake si za kawaida. Mguu ukaanza kumuuma hapo juu ya vidole, kila baada ya mechi. Daluga alinunua za mtumba Kibuye, zinambana, lakini ndizo zilikuwa za bei yake. Uwanja nao ni ule udongo mweusi, jua likiwaka siku mbili unakuwa mgumu kama lami. Kocha akamwambia avumilie hadi fainali. Akavumilia. Timu kubwa ilipokuja kutafuta vijana, yeye alikuwa kwa benchi na magongo, mfupa umevunjika. Hawakumwona akikimbia hata hatua moja.

Mguu una mifupa 26. Ile mitano mirefu ya katikati ndiyo hubeba kila mruko na kila kona unayokata. Ikigongwa kila siku bila kupumzika, inapata ufa mdogo. Mwanzoni unauma ukicheza tu. Baadaye unauma hata ukienda dukani. Ukibonyeza sehemu moja kwa kidole na unaruka kwa uchungu, huo si uchovu, nenda hospitali. Na ujue eksirei ya mapema inaweza kukosa kuonyesha huo ufa, kwa hivyo maumivu yakiendelea, rudi.

David Beckham alivunja mmoja wa mifupa hiyo Aprili 2002. Alikaa nje wiki saba hivi, kisha akacheza Kombe la Dunia. Joe DiMaggio, nyota wa besiboli Marekani, alikosa mechi 65 za kwanza za msimu wa 1949 kwa sababu ya kisigino. Hao walikuwa na madaktari na mshahara, na bado walikaa chini. Sisi wa maji moto na chumvi tunakimbilia wapi?

Makapteni, mchezaji akisema mguu unauma, muulize wapi na tangu lini. Halafu mtoe. Jumapili ijayo kuna mechi ingine. Mguu hauuzwi Kibuye.

Kwenu kocha husema nini?