Gari la Nitro Si Toy, Wasee

Lile gari dogo mliloliona kwenye video likitimua vumbi hapa Hadado limekufa. Bodi iko sawa, liko chini ya kitanda changu, lakini injini imenoki. Na aliyeinokisha ni mimi.

Hili si gari la betri. Abti, kaka yake mamangu, alilibeba kwenye begi kutoka Minneapolis, anakoendesha malori usiku. Boda ya hapa ni sisi 125 au 150. Injini hii ni sisi 3 hivi, inatosha kiganjani, na bado inaweza kuzunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika. Manze, boda haikaribii hata nusu.

Haitumii petroli. Inakunywa methanoli iliyochanganywa na nitromethani na oili. Hayo mafuta hayapandi ndege, kwa hivyo tuliagiza Nairobi, yakaja kwa barabara hadi Wajir, halafu huku. Fundi wa boda aliniambia, "Weka petroli na oili kidogo, injini ni injini." Nilikaribia kumsikiliza. Lakini plagi ya boda inatoa cheche kila mzunguko. Hii haina cheche kabisa. Ina kiwaya cha platinamu. Unakipasha moto kwa betri ndogo ya volti 1.5, injini ikishika unaiondoa betri, na methanoli yenyewe, ikigusana na platinamu, inasaidia kiwaya kibaki kikiwaka. Petroli haina huo urafiki na platinamu. Siku nilipoelewa hapo nilikaa kimya kabisa, na mimi sijui kukaa kimya.

Kitu kingine: hakuna mahali pa kumwaga oili. Oili yote inaingia pamoja na mafuta. Ukipunguza mafuta, umepunguza oili pia.

Sasa, kwenye kabureta kuna sindano. Ukiilegeza, mafuta yanaingia mengi, moshi wa bluu unatoka na gari linakuwa zito. Ukiikaza, mafuta yanapungua na gari linapata hasira. Abti alinisihi tangi za kwanza niliache na moshi wake, pistoni na silinda zizoeane pole pole. Pia nipake oili ile sponji ya kuchuja hewa. Mnajua vumbi la Hadado. Linaingia hadi kwenye chai.

Basi Ijumaa jioni watoto wamejipanga, simu inarekodi, na gari linajikokota kama punda aliyebeba maji. Nikaona aibu. Nikakaza sindano robo, gari likaamka. Nikakaza robo nyingine, moshi ukaisha, likaruka kama swara! Watoto walipiga kelele mpaka wazee wakatoka nje. Sponji nilikuwa nimeiosha asubuhi, nikairudisha kavu.

Raundi ya tatu sauti ilipanda, ikawa nyembamba sana, halafu kimya. Nilidondosha maji juu ya injini, yakachemka na kupotea papo hapo. Nikavuta kamba ya kuwashia. Haikusogea hata kidogo.

Video hiyo ndiyo imetazamwa kuliko zote nilizowahi kuweka.

Abti hupiga simu kila Jumapili. Wiki tatu nilimwambia, "Mafuta yameisha, abti." Jana akasema ametenga pesa ya galoni nyingine, atatuma leo. Nikamfikiria barabarani usiku, kwenye theluji, anatafuta pesa ya mafuta ya gari lililo chini ya kitanda. Nikamwambia yote, hata ya sponji.

Alinyamaza muda mrefu, nikadhani laini imekatika.

"Abti," akasema, maana naye huniita hivyo hivyo, "sindano uliikaza kiasi gani?"

"Nusu mzunguko."

"Mimi ya kwanza niliikaza robo tu, ikafa. Pistoni imekwama juu au chini?"

Nikaingia chini ya kitanda na tochi.