Mtandika Vitanda Alipotandikiwa Kitanda

Ndugu msomaji, kwa muda wa miaka ishirini na sita kazi yangu ilikuwa kutandika vitanda vya watu waliokuja kustarehe. Nilianza katika hoteli moja ya pwani ya Dar es Salaam nikiwa msichana, nikipewa vyumba kumi na vinne kwa zamu, na nikastaafu nikiwa msimamizi wa wenzangu, mshika funguo za stoo ya mashuka. Dawa ya kutolea madoa iliacha alama viganjani mwangu ambazo hadi leo hazijafutika. Katika miaka yote hiyo sikupata kulala hotelini hata usiku mmoja kama mgeni. Basi usinicheke nikikueleza kwamba nilipofika Palma, mji mkuu wa kisiwa cha Mallorca nchini Hispania, kitu cha kwanza nilichokitazama hakikuwa bahari. Nilikitazama kitanda. Niliinua ncha ya shuka nione pembe imekunjwa vipi.

Aliyenipeleka huko ni binti yangu, ambaye ni muuguzi nchini Ujerumani. Wajerumani wanakipenda kisiwa hicho mno, hata wenyewe hutania kuwa ni jimbo la kumi na saba la nchi yao, ilhali majimbo yao halisi ni kumi na sita. Binti yangu alipata likizo ya siku sita, nami nilikuwa nimekwenda kumtembelea. "Mama," akaniambia, "umewatandikia watu ya kutosha. Sasa nawe ukatandikiwe." Hiyo ilikuwa Oktoba 2024, msimu wa wageni ukielekea ukingoni.

Uwanja wa ndege wa Palma hupitisha abiria zaidi ya milioni 30 kwa mwaka. Karibu nao vimesimama vinu vya upepo vya kale, vilivyojengwa kuvuta maji ya ardhini kwa ajili ya mashamba. Vingi vimekatika mapanga na havizunguki tena. Nilivitazama kupitia dirisha la basi, nikajiuliza wakulima wake wamekwenda wapi.

Kuhusu jua sina la kukusimulia. Sisi wa Pwani jua tunalikimbilia mwembeni, na hapo niliwaona watu wazima, wenye akili zao timamu, wakilipia kiti cha kulala ili jua liwachome vizuri. Niliketi kivulini na kanga yangu kichwani. Mzee mmoja wa Kijerumani alinionea huruma, akaniashiria nisogee mbele, huku ameiva kama kamba aliyechemshwa.

Mji wenyewe ni mzuri, tena una historia ndefu kuliko nilivyotazamia. Waislamu waliutawala tangu mwaka 902 wakiuita Madina Mayurqa, hadi Mfalme Jaume wa Kwanza wa Aragon alipouteka siku ya mwisho ya mwaka 1229. Mahali uliposimama msikiti mkuu likajengwa kanisa kuu la mawe ya rangi ya asali, na ujenzi wake ukachukua karne kadhaa. Paa la ukumbi wake wa kati liko juu yapata mita 44, likibebwa na nguzo nyembamba hata unahofia kupiga chafya. Mwanzoni mwa karne ya 20, mjenzi mashuhuri Antoni Gaudí alifanya kazi humo kwa miaka kumi. Aliviondoa viti vya waimbaji vilivyokuwa vimeziba katikati, ili watu wa kawaida nao waione altare. Hilo lilinipendeza kuliko taa zote alizozitundika.

Nyuma ya kanisa hilo, katika kichochoro chembamba, imebaki hamamu ya zama za Waarabu. Ni chumba kidogo chenye nguzo kumi na mbili zisizofanana, na juu yake kuba lenye matundu ya mviringo yanayoshusha nuru sakafuni kama sarafu. Ukiwahi kuingia Hamamni kule Unguja, alikojenga Seyyid Barghash katika karne ya 19, utajua kwa nini nilisimama kimya. Nilijiona kama mtu aliyeingia nyumba ya jirani bila kupiga hodi. Tangu hapo nikaanza kutega sikio. Sukari kwao ni azúcar, zeituni ni aceituna, limau ni limón; na mkuu wa mji Wahispania humwita alcalde, ambaye asili yake si mwingine bali ni kadhi. Maneno yametoka chombo kimoja, yakashuka bandari mbalimbali.

Lakini si kila kitu kilinikubali. Mkate unaosifiwa kuliko yote mjini humo huitwa ensaïmada. Umezungushwa kama kilemba na kunyunyiziwa sukari laini. Nilikuwa nimekwisha kuunyoshea mkono, binti yangu akanong'ona kwamba jina lake limetokana na saïm, yaani mafuta ya nguruwe. Nikaurudisha mkono wangu taratibu. Lile treni la mbao la mwaka 1912 liendalo Sóller kupitia milimani hatukulipanda pia, kwani nauli yake tuliiona kubwa.

Sasa nirudi kwenye kitanda, maana ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Asubuhi ya pili niliamka alfajiri kama desturi yangu, nikaswali, na kabla sijajitambua nilikuwa nimekwisha kutandika vitanda vyote viwili, nimekunja taulo na kusugua sinki. Mhudumu wa chumba alipofika na toroli yake alisimama mlangoni. Alitazama kitanda, akanitazama, uso ukamshuka. Akauliza kwa Kijerumani cha kubabaisha, na binti yangu akanifasiria: je, jana alikosea jambo gani?

Ndugu msomaji, niliona haya. Kwetu, mgeni akijitandikia kitanda msichana wa chumba kile aliitwa ofisini kujieleza. Mimi mwenyewe nimewaita wasichana ofisini kwa sababu hiyo. Iweje nisahau? Sikuwa na lugha, nikamwonyesha viganja vyangu. Alivitazama kwa muda, akavua glavu, akaweka vyake kando ya vyangu. Hapo tukacheka sote watatu.

Alikuwa mzaliwa wa Amerika ya Kusini, mama wa watoto wawili. Jina lake nitalihifadhi. Siku ile alikuwa na vyumba ishirini na viwili vya kumaliza. Aliponiona ninastaajabia kasi yake, akanionyesha jambo ambalo katika miaka yangu yote sikulijua. Alikanyaga pedali chini ya kitanda, nacho kikapanda polepole hadi usawa wa kiuno. Akakitandika amesimama wima, mgongo umenyooka, kisha akakishusha.

Tangu mwaka 2022, sheria ya visiwa hivyo inazitaka hoteli za daraja la juu ziweke vitanda vya namna hiyo. Haikuja yenyewe. Watandika vitanda wa Hispania walikuwa wamejikusanya na kujiita Las Kellys, jina la mzaha linalotokana na maneno ya Kihispania yenye maana ya "wale wanaosafisha", wakaieleza nchi nzima jinsi migongo yao inavyoharibika. Nilimkumbuka bibi aliyenifundisha kazi, ambaye alistaafu amepinda kiuno na hakunyooka tena hadi alipozikwa. Sisi tulidhani mgongo kuuma ndiyo kazi yenyewe. Tulipeana dawa ya kuchua tukaendelea. Nilimwomba yule mama ruhusa, nikaikanyaga pedali ile mwenyewe, mara tatu, kitanda kikipanda na kushuka. Binti yangu akageukia dirishani kwa kuwa aliyaona machozi yangu.

Usidhani basi kwamba mambo ya mwenzetu yalikuwa shwari. Mwisho wa mwezi ule hoteli ingefungwa hadi machipuo. Mkataba wake ni wa kudumu, ila husimama kila majira ya baridi, naye huishi kwa posho ya wasio na kazi mpaka aitwe tena. Yeye, mumewe na watoto wote walilala chumba kimoja katika nyumba waliyoshirikiana na familia nyingine, kwani kodi ya nyumba imewashinda. Wakazi wa visiwa vya Baleari ni yapata milioni moja na laki mbili, na mwaka 2023 walipokea wageni zaidi ya milioni 17. Kila mgeni anataka pa kulala, na mwenye nyumba naye ana hesabu zake. Halmashauri ya Palma ilipiga marufuku mwaka 2018 kuwapangisha watalii fleti za maghorofa, na mwaka 2016 kodi ya kila mgeni kwa kila usiku ilikwisha kuanzishwa. Hata hivyo, Julai 2024 maelfu ya wananchi waliandamana mjini humo kudai watalii wapunguzwe. Maneno ya madai hayo nimeyaona ukutani: Mallorca haiuzwi.

Nikamwuliza, kupitia kwa binti yangu, kama angependa tusije.

Hakunijibu. Aliniuliza: "Wewe kwenu, uliwataka?"

Nimelibeba swali hilo hadi nyumbani. Bakshishi zao zilinunua mabati yangu na kulipa ada ya huyo muuguzi. Na ufuko nilioogelea utotoni uliwekewa ua kwa ajili yao. Mimi niliupitia mlango wa nyuma, tena nikiwa nimevaa sare. Nikisema niliwataka nitakuwa nimesema kweli, na nikisema sikuwataka pia sitakuwa mwongo. Nilimwambia binti yangu amjibu kuwa ningewataka wachache, halafu nikakumbuka kwamba wachache wasingetosha kuniajiri.

Siku ya kuondoka tulibishana kuhusu bakshishi, binti yangu akitaka kuacha yuro tano, mimi ishirini. Niliacha ishirini, na karatasi yenye maneno ya Kijerumani yasemayo "ni zako", kwa kuwa fedha zisizo na karatasi huenda zikahesabiwa kuwa zimesahaulika na kupelekwa mapokezi. Kisha nikavua mashuka, nikayashindilia yote ndani ya foronya moja, taulo nikaziweka bafuni. Mwisho nikakanyaga pedali, nikavipandisha vitanda vyote viwili hadi usawa wa kiuno, nikaviacha vivyo hivyo.

Tukiwa ndani ya lifti, mlango haujajifunga, nililisikia toroli lake likija ukumbini. Gurudumu moja lilikuwa linalia, kama la kwetu.